Mume Wangu Anachemsha Zebaki Jikoni

Mama Mboni, shikamoo. Mimi ni mke wa mtu hapa Sepuka, nimechoka, naomba unisikilize kabla sijafanya jambo la kunitia aibu, maana mume wangu Melkizedeki alikwenda kusoma fizikia ng'ambo nami nikamngoja nikilima peke yangu kwa wakwe, akarudi na sanduku la vitabu na sumaku nzito, akapewa kazi ya ualimu, akagombana na mkuu wake kwa sababu shule haina maabara, sasa yuko nyumbani, shamba la kijiji haendi, anatafuta namba. Nikamuuliza, namba ya nini, mita au kilo? Akacheka, "Dina, hii haina mita wala kilo wala digrii, vipimo vyote vimekatana." Eti majimaji ya chuma yakipashwa moto chini hutaka kupanda juu, na sumaku huyazuia, sasa ukilinganisha nguvu ya sumaku na mnato wa majimaji unabaki na namba tupu, na namba zikilingana basi sufuria yangu na tanuru la kiwandani ni kitu kimoja. Ndiyo maana haoni tena haja ya maabara!

Zebaki, ndiyo majimaji yenyewe, aliipata kwa mchimbaji wa zamani wa dhahabu kule Sekenke, anaichemsha kwenye sufuria yangu ya mboga, ndani ya tembe letu lisilo na dirisha, na mlango anaufunga kwa sababu upepo unamharibia moto. Majirani wakitoka shambani wananicheka, "Mama Cecilia, namba imeiva?" Nina uchungu, Mama. Wenzangu waume zao walirudi na cherehani. Na mtoto naye anaumwa, fizi zinatoka damu, mate yanamtiririka, vidole vinatetemeka hata kikombe hashiki, mama mkwe wangu Anastazia anasema ni jicho la majirani, amemfunga dawa mkononi. Nataka kumshitaki mume wangu kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Alute, ili aende shambani kama wanaume wengine, lakini mama mkwe anasema mke anayempeleka mumewe kwa balozi hana kwao, na mume mwenyewe ananiomba nivumilie mpaka amalize andiko lake, eti Chuo Kikuu kitamwita tuhame. Je, nivumilie au nimshitaki?

Dina, Sepuka

Marahaba, Dina. Unaniuliza habari ya shamba na aibu, na mtoto umemtaja kwa kupita tu. Zebaki ni sumu! Ikipashwa moto hutoa mvuke usioonekana wala kunuka, na tembe lisilo na dirisha linautunza mpaka mwanao auvute wote. Nilimsomea daktari dalili ulizoandika, hakuningoja nimalize. Hilo si jicho la mtu.

Uchungu wako naujua. Kumngoja mume miaka yote hiyo halafu akuletee namba, nani asingelia? Lakini umeambiwa vumilia, nawe umevumilia hata mahali ambapo punda angepiga teke. Mvumilivu hula mbivu, mwanangu, hali sumu.

Mchukue Cecilia leo hii, mpeleke hospitali Singida mjini, na neno la kwanza umwambie daktari ni zebaki. Mzee Alute akutafutie gari, ndiyo kazi ya balozi, na hapo hujamshitaki mtu. Sufuria usiioshe, usiipikie tena. Zebaki iliyomwagika usiifagie. Mlango uachwe wazi, asilale mtu humo, mama mkwe naye atoke, nawe ukapimwe.

Nawe Melkizedeki, najua utasoma, msomi hapiti gazeti bila kulifunua. Nimeelewa kwamba namba yako haina kilo. Mwanao anazo, na zinapungua. Sufuria yako na ilingane na tanuru ukipenda, lakini kwenye tanuru halali mtoto. Umesomeshwa kwa jasho la wakulima hao hao unaowakwepa, ukarudi kuwavutisha sumu watu wa nyumba yako. Zima moto huo.

Barua hii ilikaa sana njiani, na gazeti nalo litakawia kufika Sepuka. Kawaida safu hii huficha majina. Leo nimeyaacha yote, na kijiji pia, kwa makusudi. Wewe unayesoma hapo dukani, kama unamjua Dina, usimalize ukurasa. Mkimbilie.