Kila Jumamosi ya Sala, Bobi Anakojoa Ndani

Kagerankanda, 18 Machi 2014

Mshauri wangu Bi Zena,

Tumsifu Yesu Kristo, na kama salamu hiyo si ya kwenu basi nakusalimu kwa amani tu, maana nasikia wewe ni Mwislamu na mimi ni Mkatoliki, lakini gazeti lako linafika huku likiwa limefungia chumvi, na mara tatu nimeikunjua chumvi nikakusoma nikaona una moyo wa mtu. Naandika nimekaa nje ya mlango wangu mwenyewe, daftari juu ya goti, kwa sababu ndani kunanuka, na harufu hiyo ndiyo iliyonileta kwako. Nimesoma mpaka darasa la saba, nikikosea utanivumilia.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na moja, jina langu Maximilla lakini hapa wote wananiita Mama Josepha. Mume wangu Longinus alikuwa katekista wa kigango chetu miaka kumi na tisa, amefundisha watoto wa hapa wote sala zao, sauti yake ilikuwa inasikika mpaka ng'ambo ya mto, na mwaka jana mwezi wa tano tukiwa tunavuna maharage akaanguka, nikadhani kajikwaa, kumbe mwili upande wa kuume umekufa na ulimi umefungwa. Tulilazwa hospitali ya Kabanga wiki tano, Mungu awabariki, walimrudisha akiwa anaweza kukaa na kumeza, lakini kusema hapana. Mtu aliyefundisha Baba Yetu kijiji kizima, Bi Zena, ananitazama tu.

Mwezi wa tisa binti yetu Josepha, aliyeolewa Gwarama, alituletea mbwa wa miezi mitano, amezaliwa kwenye zizi la baba mkwe wake, amekua analala katikati ya ndama, akasema mama, huyu atakulindia kuku na mahindi. Tukamwita Bobi. Mimi nilimfungia nje kama mbwa wa watu wote, lakini alikata kamba akaingia akalala kando ya kitanda cha baba Josepha, na baba akashusha mkono wake wa kushoto akauweka mgongoni kwake, na tangu siku hiyo hawaachani. Tabibu Lusajo, kijana wa Mbeya anayetutembelea, alipouona huo mkono unapapasa akaniambia, "Mama, mwache huyo mbwa alale hapo hapo, anafanya kazi ambayo mimi nimeshindwa." Na ni kweli, maana siku mbili kabla ya Noeli nilikuwa napepeta mchele nikasikia sauti ndani, nikaacha ungo nikakimbia, nikamkuta baba amekunja midomo anasema Bo, Bo, halafu Bobi. Nililia, nikapiga magoti, nikasema Mungu wangu, hata kama neno lenyewe ni la mbwa, nashukuru.

Sasa shida. Mbwa huyu anakojoa ndani. Na si ovyo ovyo, ndiyo maana naogopa. Katikati ya wiki ana adabu, akibanwa anakwaruza mlango anatoka mwenyewe kwenda migombani. Lakini ikifika Ijumaa jioni na Jumamosi asubuhi, hapo ndipo anapochagua. Na Jumamosi saa moja asubuhi ndiyo jumuiya yetu inasali kwangu, wameamua kusali kwangu kila wiki ili katekista wao azisikie sala japo hawezi kuzisema. Mimi nawaandalia kadiri ninavyoweza, kila Ijumaa nikitoka shambani nasiriba sakafu upya kwa mavi mabichi ya ng'ombe ninayopewa na jirani yetu Niyitegeka, nayachanganya na udongo, nalainisha kwa kiganja mpaka inang'aa, kama mama yangu alivyonifundisha, maana wageni wa sala hawawezi kukaa kwenye vumbi. Nikimaliza nageuka kunawa mikono, na Bobi ameshainua mguu. Nasiriba tena pale pale kuficha, anarudia pale pale. Nimemwagia mafuta ya taa, nimeweka majivu, nimesugua pua yake kwenye mkojo wake, nimempiga kwa mpini wa ufagio, wapi.

Mwenyekiti wetu wa jumuiya ni Yusta, mwanamke wa sala sana, hana baya, ila mdomo wake hauna mlango. Akaniambia mbele ya wenzetu, "Mama Josepha, hiyo imbwa yako ina nini? Jumatatu haikojoi, Jumatano haikojoi, inangoja Rozari! Kitu kinachochukia sala si mbwa, ni kitu kimevaa ngozi ya mbwa." Watu wakacheka, halafu wakaacha kucheka. Mwingine akauliza, "Ametoka Gwarama kwa nani hasa?" Nami nikaanza kumtazama Bobi kwa jicho lingine, nikamnyunyizia maji ya baraka, akayalamba.

Nilichofanya juzi Jumamosi ndicho kinachoninyima usingizi. Tulikuwa kwenye litania, tumefumba macho, mimi nikafumbua kidogo kama mama wa nyumbani kutazama mambo, nikaona maji yanatambaa kwenye sakafu kutoka kwenye mkeka tunaomlaza baba wakati wa sala, na Bobi amelala pale pale. Nikatazama vizuri. Bi Zena, mbwa alikuwa mkavu. Shuka la baba ndilo lililokuwa limelowa. Tangu augue ilikuwa haijamtokea mchana mbele ya watu. Wakati huo huo Yusta naye akafumbua, akavuta kitenge chake, akasema, "Imeanza tena!" Watu wote wakageuka, na mimi nikaona wataangalia shuka, nikachukua ufagio nikampiga mbwa. Nilimpiga sana. Nikawa napiga kelele, "Mbwa mchafu, mbwa mchafu, unaniaibisha!" ili wote wamtazame yeye. Akalia akatoka nje anachechemea. Nilipogeuka baba alikuwa ananitazama, na jicho lake la kushoto lina machozi, na alijua, najua alijua.

Tangu siku hiyo amegeukia ukutani. Hasemi tena Bobi. Kula hataki, anakunywa uji vijiko vitatu. Na mbwa sasa akiniona tu mlangoni anajikunja na kukojoa hapo hapo alipo, hata Jumatatu, kwa hiyo nimeongeza shida. Yusta amekuja kuniambia kwamba padre atakuja Jumamosi ya kuamkia Jumapili ya Matawi kumpa baba Mpako wa Wagonjwa na Komunyo, na kwamba jumuiya imekubaliana mbwa awe ameondoka kabla ya siku hiyo. "Tumevumilia mkojo, dada yangu," amesema, "lakini Mwili wa Bwana hautaingia chumba cha imbwa. Usipomwondoa, padre atampaka mafuta baba Josepha nje uani, na jumuiya itahamia kwangu." Niyitegeka yuko tayari kumchukua Bobi aende naye machungani.

Nikimwondoa, naogopa neno la mume wangu litaondoka naye. Nikimwacha, nafukuza jumuiya na pengine ninalea shetani nyumbani. Na kuungama sijaenda, Jumapili nilifika kwenye foleni nikarudi. Nifanye nini, Bi Zena? Nijibu kabla ya Matawi.

Ni mimi,
Mama Josepha

JIBU LA BI ZENA

Mama Josepha, amani yako nimeipokea kwa mikono miwili. Pole. Nimekusoma mara mbili, mara ya kwanza nikikuhurumia na mara ya pili nikiwa nimekukasirikia, na sasa nakuandikia vyote viwili vikiwa vimetulia.

Nianze na mbwa. Kwetu mbwa haingii ndani, kwa hiyo sikutaka kukubunia mambo nisiyoyajua. Nilikwenda kwa mzee Abdalah, bwana mifugo mstaafu hapa Kasulu, nikamsomea barua yako bila kutaja majina. Nilipofika kwenye zizi la Gwarama akanyoosha mkono. "Ishia hapo. Huyo mama anasiriba sakafu na nini?" Nikamsomea. Mzee alicheka mpaka akavua miwani. "Bi Zena," akasema, "mbwa amezaliwa zizini. Tangu anafumbua macho amekojoa juu ya mavi ya ng'ombe. Kila Ijumaa mama anamletea choo chake ndani, anakilainisha kwa kiganja, halafu anauliza kwa nini kimetumika!" Nikaendelea kusoma. Nilipofika kwenye ufagio aliacha kucheka.

Umeelewa? Bobi hachukii Rozari. Hajui Jumamosi ni nini. Anachojua ni harufu, na harufu hiyo unaileta wewe, kwa heshima na usafi wako wote, siku ile ile ya wageni. Kila ulipoficha mkojo kwa mavi mapya ulimwonyesha tena mahali. Kwa hiyo shetani mtoe kwenye hadithi hii, na Yusta mwambie hivyo hivyo, kwa sauti ile ile aliyotumia yeye.

Kazi ianze leo, siku za kutosha zipo. Chukua jembe, kwangua kila mahali palipokojolewa, kina cha vidole vitatu, mpaka harufu iishe. Udongo huo usiutupe mbali, upeleke migombani mahali pamoja, uchanganye na mavi ya Niyitegeka, na hapo ndipo pawe choo cha Bobi. Mashimo ya ndani jaza udongo wa kichuguu uliotwangwa, siriba kwa udongo na majivu peke yake. Najua hautang'aa kama wa mama yako. Using'ae. Mama yako hakufuga mbwa ndani.

Mtoe akiamka, akimaliza kula, akitoka usingizini mchana, na Jumamosi kabla mgeni wa kwanza hajabisha hodi. Mpeleke mwenyewe pale migombani, simama usiseme neno mpaka akojoe, akishakojoa msifu na umpe kichwa cha dagaa hapo hapo, si baada ya kurudi ndani, maana atadhani unamlipa kwa kurudi. Ukimkuta anainua mguu ndani, sema "Nje!" mara moja na umtoe. Ukikuta ameshakojoa na kuondoka, futa unyamaze. Pua yake usiisugue tena popote. Mzee Abdalah anasema mbwa unayemsugua pua hajifunzi kwamba ndani si pa kukojoa, anajifunza kwamba wewe ni wa kuogopwa, na huo mkojo wa kukuona mlangoni ni wa woga, si wa jeuri. Ukiingia usimwinamie wala usimkazie macho. Kaa chini, chambua maharage yako, mwache aje mwenyewe. Itachukua wiki mbili, pengine tatu. Mguu wake unaochechemea ukiwa umevimba, au ukiona damu kwenye mkojo, tafuta bwana mifugo wa huko, usingoje.

Sasa tuzungumze kuhusu baba Josepha, na hapa nisikilize vizuri kuliko kote.

Ulitaka kumsitiri. Hilo nimeliona, na mke asiyejua kumsitiri mumewe simtaki kwenye gazeti langu. Lakini ulimsitiri kwa kumpiga kiumbe pekee anachoweza kukiita kwa jina, mbele ya macho yake, kwa kosa la mumeo mwenyewe. Fikiria alichosikia. Alisikia "mchafu" na "unaniaibisha", na alijua maneno hayo ni ya nani. Mtu huyu ulimi wake ndio uliofungwa, masikio yake yako wazi kabisa. Ungekuwa wewe ungegeukia wapi, kama si ukutani?

Kwa hiyo kabla ya jembe, kabla ya dagaa, leo hii mchana kukiwa na mwanga, kaa upande wa ukuta anakotazama ili asilazimike kugeuka. Mwambie: "Baba Josepha, siku ile niliona. Haikuwa Bobi. Nilisema uongo mbele ya watu, na nilimpiga asiye na kosa. Wewe si mchafu na huniaibishi." Useme hivyo hivyo, usizunguke. Akilia mwache alie. Halafu mtafutie kopo lenye mfuniko, mpe kila saa mbili na kabla ya kila sala, tandika nailoni chini ya shuka lake, na mwambie yule tabibu wa Mbeya kwamba mkojo umeanza kumtoka, maana huenda ni ugonjwa mwingine unaotibika. Wewe ulifikiria aibu, dawa hukuifikiria. Usirudie.

Jumuiya je? Siri ya mwili wa mumeo ni yake. Muulize kama Yusta aambiwe, na jicho lake litakujibu. Akikataa, mwambie Yusta haya tu: "Jumamosi ile mbwa hakuwa na kosa, nilimpiga kwa uongo, na hatoki." Akikukazania, mkumbushe kwamba padre anakuja kumpaka mafuta mgonjwa, haji kukagua sakafu. Na asubuhi hiyo Bobi afungwe nje kwa saa moja, kwa heshima ya imani yenu. Saa moja tu. Kumwondoa hapana. Mkienda kumpeleka machungani, mtakuwa mmemwondoa mwalimu wa mumeo.

Na ile foleni ya kuungama, mama, dini yako si yangu, lakini ya kusimama na kurudi nyuma naijua. Safari hii usirudi.

Kimebaki kitu kimoja, nacho ni kidogo. Ukishamwambia mumeo uliyotakiwa kumwambia, mwite mbwa. Mwite kwa jina, kwa sauti ya kawaida, pale pale baba anaposikia. Usimwombe baba arudie, usimtazame mdomo. Ita "Bobi" mara moja, ufungue mlango, ukae kimya ungoje, na yeyote atakayeitika kwanza kati yao, umpokee.

Bi Zena