Trei Tatu za Hoho na Ugoro wa Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kabla sijaanza uniwie radhi kwa mwandiko, maana naandika nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya stoo ya mbolea, nyumbani hakuna pa kuandikia bila mtu kuuliza unamwandikia nani.

Mimi ni mume wa mke mmoja na baba wa watoto wawili, na kazi yangu ni kwenye kitalu cha miche, siyo vile vya kando ya barabara vyenye maua kwenye makopo, ni kitalu cha miche safi, kwa maana kwamba mkulima wa hoho nyekundu na za njano akichukua mche kwetu anachukua mche uliopimwa ukaonekana hauna ugonjwa, ndiyo maana kuingia kwetu ni kazi kuliko kuingia benki, unavua viatu, unavaa ovaroli na ndara za ndani, unakanyaga kwenye beseni la dawa, unanawa hadi viwiko, na zamani tulikuwa tunachovya mikono kwenye maziwa pia, maziwa ya unga yaliyokorogwa na maji, kwa sababu yanazuia ugonjwa wa batobato ya tumbaku usitoke kwenye vidole ukaingia kwenye jani, ila mwenye kitalu aliyaacha baada ya paka wa jirani kuijua saa ya kukoroga.

Miezi mitatu iliyopita tulipungukiwa na watu wa kubebesha miche, yaani kukata kichwa cha mche mmoja na kukifunga juu ya shina la mwingine lenye nguvu zaidi, nami kwa kiherehere changu nikampeleka mama mkwe, ambaye tunaishi naye. Mama ana vidole vya ajabu. Mwingine akimaliza trei moja yeye yuko ya tatu, na miche yake yote inashika, hadi mwenye kitalu akampa meza yake peke yake, meza ya sita, karibu na dirisha la wavu, nikawa natembea kifua mbele.

Sasa ujue kwamba huyu mama ndiye mwenyekiti wa kikundi cha akina mama mtaani kwetu, na hotuba yake ni moja tu, ubaya wa tumbaku. Mimi nilikuwa navuta sigara, na nilipokwenda kuposa alininusa shati akasema binti yake hawezi kuolewa na jiko la mkaa, basi nikaacha, mwaka mzima nikawa natafuna njiti za kiberiti mpaka fizi zikavimba, lakini niliacha, na mke nikapewa.

Mwezi uliopita trei tatu za hoho zikatoa majani yenye madoa ya njano na kujikunja. Tunavyopima ni hivi, unasaga kipande cha jani kwenye kimfuko chenye maji ya dawa, unachovya kijikaratasi, ukitokea mstari mmoja mche ni mzima, ikitokea miwili ni mgonjwa. Ikatokea miwili. Trei zote tatu zikachomwa moto na zote tatu zilitoka meza ya sita. Mwenye kitalu akachungulia dirishani akaona kwamba nje ya dirisha lile ni getini, ndipo anapokaa mlinzi wetu, ambaye tunamwita Kiberiti kwa sababu sigara haimtoki mdomoni, akakata shauri kwamba moshi ndio uliopita kwenye wavu. Nikamwambia moshi hauleti batobato, inayoleta ni mikono iliyoshika tumbaku, na Kiberiti tangu aajiriwe hajawahi kuvuka beseni. Akaniuliza, basi ni mikono ya nani. Kisha akampa Kiberiti notisi ya kuondoka.

Siku mbili baadaye nikaenda kufunga koki nyuma ya tangi la maji nikasikia chafya. Mama mkwe, ambaye tangu nimjue anapiga chafya na kusema ni vumbi, na sisi wote humwambia pole mama kwa vumbi, alikuwa amechuchumaa na kakopo ka bati mkononi, anajitia ugoro puani kwa utulivu wa mtu anayeonja chumvi ya mboga, kisha akajifuta vidole kwenye ovaroli akarudi mezani kwake bila kunawa tena. Hakuniona. Nakiri, mshauri, kwamba sikuhuzunika kwanza, nilicheka hadi nikakaa chini, nikizikumbuka njiti zangu.

Jioni ile kakopo kakasahaulika kwenye dirisha la bafu, nikachota kidogo, kesho yake nikapima kwa siri. Mistari miwili, ya kukolea. Nikatia kipimo kwenye mfuko wa shati nikamwonyeshe mwenye kitalu, lakini nikipita nikamkuta mama anabebesha huku anaimba taratibu, nikaahirisha, na shati nikaenda kulivulia nyumbani.

Mke wangu ndiye aliyekikuta akifua. Mke wangu ameona mistari miwili mara mbili maishani mwake na kila mara akapata mtoto. Akaniuliza hiki ni cha nani. Nikasema cha kazini. Akaniuliza huyo wa kazini ana miezi mingapi. Tangu siku hiyo ananipakulia chakula akitazama ukuta.

Jumapili mama mkwe akaitisha kikao. Akakaa kwenye kiti chake, akakiinua kile kipimo kwenye mwanga wa dirisha, akaniambia, "Baba, kitu kama hiki hakijileti chenyewe. Kuna mtu amekileta, na mtu huyo yuko humu ndani." Mshauri, nilimwangalia ameushika ugoro wake mwenyewe kwa ncha za vidole, ananihukumu nao, nikainamisha kichwa, na kule kuinama wakakuhesabu kuwa ni kukiri kosa. Hasira zilipomzidi aliomba dakika moja akatoka nje, akarudi anapiga chafya. Mke wangu akamwambia, pole mama, vumbi.

Sasa yamenifika shingoni. Nikisema nimemuumbua mama mkwe mbele ya binti yake na kikundi chake chote, na mama wa mke wangu ni mama yangu, sina mwingine. Nisiposema, Jumamosi hii Kiberiti anafukuzwa, mtu mwenye miaka kumi na moja pale getini na watoto wanne, mke wangu ameshaanza kukunja nguo zake nyingi kuliko kawaida, na Jumatatu mama anaanza kubebesha miche elfu nne ya wakulima ambao wameshafunga kamba za kuegeshea hoho na kila siku wanapiga simu kuuliza.

Nakuandikia wewe kwa sababu mama huusoma ukurasa wako kwa sauti kila Alhamisi saa kumi, sisi wote tumekaa tunamsikiliza, na ukisema jambo analifuata, ulipoandika kuhusu watu wanaoazima vyombo bila kurudisha alirudisha sufuria saba. Kwa hiyo naomba uandike habari za ugoro kwa ujumla tu. Barua yangu usiichapishe. Au ukiichapisha ibadilishe asitambue, sema ni mfugaji wa mbuzi.

Ni mimi,
Mkwe wa Watu

MSHAURI ANAJIBU

Mkwe wa Watu, shuka kwenye ndoo.

Nimejaribu kumweka mbuzi. Nimekaa na barua yako asubuhi nzima na mbuzi amekataa kubebesha hoho. Kwa hiyo nimeichapisha kama ilivyo, maana barua yako imefika Jumatatu, gazeti linatoka Alhamisi na Kiberiti anaondoka Jumamosi. Kuandika kwa ujumla ni kwa watu wenye nafasi.

Pole nakupa moja, ya kikao. Ile ilikuwa mbaya na nimecheka nikaona aibu. Mengine umejitakia. Wewe kazi yako ni kupima ugonjwa. Umepima, umepata jibu, umelitia kwenye shati la kufuliwa. Na usinidanganye kwamba umenyamaza kwa heshima peke yake. Nusu ni heshima, nusu ni utamu wa kujua siri ya aliyekutafunisha njiti mwaka mzima. Huo utamu unaulamba wewe, na anayefungasha virago ni mlinzi.

Tena kuna jambo nimelitafuta kwenye barua yako mara tatu sijaliona. Ni wapi ulipomweleza mama kwamba tumbaku kwenye vidole inaua hoho? Hakuna. Ulimwonyesha pa kuvulia viatu, ukamwonyesha beseni, na la tumbaku ukaliruka, kwa sababu nani amhubirie mwenyekiti habari za tumbaku? Amekaa miezi mitatu kwenye meza ya sita hajui. Yeye alidhani anajificha kwa ajili ya midomo ya watu. Hilo ni kosa lako, na kwa mwenye kitalu utalisema hivyo hivyo, kwamba mtu uliyemleta hukumfundisha.

Mke wako mchukue kesho mapema mwende naye kitaluni. Mpe jani gonjwa na kipimo kipya, asage mwenyewe, achovye mwenyewe, aione mistari miwili kwenye jani la hoho. Jani halina mimba. Ukifika kwenye kile cha mfukoni mwambie kilichovywa kwenye tumbaku, halafu ufunge mdomo. Yaliyobaki atayamaliza mwenyewe, amelala chumba kimoja na mama yake utoto wote na pua anayo. Akikuomba radhi, ipokee bila hotuba.

Maziwa yarudi. Kila meza iwe na bakuli lake na kila mtu achovye kabla ya kila trei, anayetumia tumbaku na asiyetumia, ndipo hakuna atakayenyooshewa kidole. Mlangoni wekeni sanduku lenye mfuniko la kuachia simu, funguo na vikopo vya kila aina, na asiulizwe mtu kina nini. Ovaroli zifuliwe, hasa ile ya kujifutia. Miche yote iliyopita meza ya sita ipimwe upya kabla mkulima hata mmoja hajapewa, na itakayotoka na mistari miwili ichomwe, hata kama inapendeza. Paka awekewe kisahani chake nje.

Wewe nimemaliza nawe.

Mama, shikamoo.

Najua umefika hapa peke yako. Sauti yako ya kusoma iliishia pale kwenye tangi la maji, na hao waliokuzunguka umewaambia miwani ina ukungu. Vizuri. Sasa tuko wawili.

Sina hotuba ya kukupa, wewe ndiye mwenye hotuba. Na inafanya kazi, mama. Umewakataza watu kitu kilichokushinda mwenyewe, na mmoja alikusikia akaacha, amekaa hapo mbele yako anatazama miguu yake. Hilo hakunyang'anyi mtu. Kikundi chako nacho usikiogope, humu hamna jina lako wala mtaa, na kwa barua zilizoko mezani kwangu, hakuna kikundi kisichokuwa na kakopo kake nyuma ya tangi fulani.

Ila yupo Kiberiti. Amekaa pale getini anavuta sigara yake hadharani, hajamdanganya mtu, na anafukuzwa kwa moshi usio na kosa. Wewe mwenyewe ulisema kikaoni kwamba kitu kama kile hakijileti chenyewe. Ulisema kweli, na ulikuwa umekishika.

Kesho asubuhi, kabla hujavua viatu, mwendee mwenye kitalu umwambie, "Ni mikono yangu, siyo moshi wake." Maneno sita, usiongeze. Hatakufukuza. Mtu ambaye miche yake yote inashika hafukuzwi, anawekewa maziwa. Kisha pita getini umsalimie mlinzi, ukae naye kidogo, mna mengi ya kuzungumza nyie wawili kuliko mnavyodhani.

Sasa kunja gazeti. Waambie yaliyobaki ni matangazo ya magodoro. Watajua kwamba siyo, na wataitikia. Na ukipiga chafya watakuambia pole mama kwa vumbi, kama siku zote.