Magunia Manane ya Bonefey

Lincoln, mtaa wa mteremkoni,
Jumanne, mwezi wa Tamuzi, mwaka 5037 tangu kuumbwa ulimwengu.

Mpendwa mpwa wangu Vives,

Mimi mjomba wako nimetimiza miaka sabini na minne. Nimewazika wafalme wawili, wake wawili, na kila mganga aliyewahi kunikataza vitunguu. Hujambo wewe? Mama yako Floria, miguu imepona? Na huko Rouen mnaishije? Sisi hatujambo, ila goti la kushoto linanisumbua. La kulia ni zima kama la kijana.

Sasa nikueleze habari ya Bonefey kabla hujaisikia kwa wengine, maana watu hawajui kusimulia.

Bonefey ni mtoto wa marehemu Elias, jirani yetu wa ng'ambo ya njia. Tangu sheria mpya ya mfalme itukataze sisi Wayahudi kukopesha kwa riba, wote tumekimbilia biashara. Mimi nilishika ngano. Akili niliwazidi wote, ila ghala lilivuja. Yeye akashika sufu, akanenepa. Kisha wazee wa sinagogi wakampa kazi ya kufungua kabati la Torati siku ya Sabato, kazi niliyoifanya miaka thelathini. Eti mkono wangu unatetemeka. Hautetemeki. Wivu? Haya, uite wivu.

Nikawa nakaa dirishani kumtazama. Ijumaa moja, jua limeshaanza kushuka, akaja Mkristo mmoja, Gocelin mfuga kondoo, akamuuzia magunia manane ya sufu. Watu wetu wote walikuwa ndani wakijiandaa kwa Sabato. Mimi niliona mpaka walivyopeana mikono. Mezani nikamlalamikia binti yangu Belaset hadi supu ikapoa.

Baadaye bei ya sufu ilipopanda, Gocelin akageuka. Akadai hakuuza kitu, ameibiwa. Bonefey akatiwa ndani ngomeni, na kosa lile ni la kitanzi. Sheria yetu huku unaijua: huponi mpaka wakusimamie kwa ushahidi Mkristo mmoja na Myahudi mmoja. Mkristo alipatikana, Gunnilda muuza pombe, mama mkweli, aliyeyaona mauzo yale. Myahudi aliyeona hakupatikana. Yaani alikuwepo, ila nilinyamaza siku tatu. Nilijiambia, kabati nalo litahitaji mtu wa kulifungua.

Belaset akaacha kunisemesha. Siku ya tatu akaniwekea bakuli la maharage mbele yangu, akasema, "Baba, wakimnyonga, hiyo Torati utaifungua kwa mkono upi?"

Sikuyala yale maharage.

Nikapanda ngomeni, kitambaa cha manjano wanachotulazimisha Wayahudi kuvaa kikiwa kifuani, kilima chote bila fimbo. Nikaapa juu ya Torati, nikasimulia yote niliyoyaona, hata punda wa Gocelin. Mwamuzi, mtu wa kejeli, akaniuliza, "Mzee, ni siku nyingi. Unakumbukaje idadi ya magunia, saa, hata rangi ya punda?" Baraza limejaa, watu wetu na watu wao.

"Namwonea kijicho, bwana," nikasema. "Kila anachonunua nakijua. Hata usingizi sipati."

Walicheka mpaka walinzi. Gunnilda naye akadakia kwamba ni kweli, mzee huyu shingo imempinda kwa kuchungulia. Mwamuzi akasema anayekuchukia akikutetea hana sababu ya kudanganya. Bonefey akafunguliwa, Gocelin akaingia mahali pake.

Bonefey alikuja kunishukuru na jibini. Jibini tamu kuliko ninayoila mimi, na hilo nalo limeniudhi. Kabati bado analifungua yeye. Kila Sabato nasimama nyuma nikiukodolea macho mkono wake, na, Mungu anisamehe, hautetemeki.

Nisalimie Floria, mkeo Genta, na mzee Josce kama bado yu hai. Mwambie mimi ni mzima kumshinda. Mwenyezi akulinde uingiapo na utokapo.

Ukimsikia mtu akisema Bonefey alijinasua kwa hongo, mwambie amuulize Gunnilda, amuulize Belaset. Wote wakikosekana, amuulize Bonefey mwenyewe. Hanipendi hata kidogo, lakini atasema ni nani aliyesimama.

Mjomba wako, anayekupenda hata ukitajirika,
Ursel wa Lincoln