Majibu ya Mama Bado

Nyumba ya tatu, nyuma ya shule ya ufundi,
Jumatatu, 9 Machi.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini mgongo umekuachia, na kikohozi cha Baba Mdogo kimewapa nafasi ya kulala. Sisi tunapumua, ingawa mimi situlii: nakaa, nasimama, nachungulia dirishani, narudi kukaa.

Sababu ni dada yako. Mwezi uliopita alianza kuona matone ya damu. Alinificha wiki mbili, nikagundua kwa jinsi alivyoanika nguo zake chini ya mashuka. Nilipomwambia twende kliniki ya wanawake, alicheka huku akikanyaga cherehani. Akasema kizazi kilitolewa miaka saba iliyopita. Nyumba imeshabomolewa, wanakwenda kukagua nini?

Nilimvuta tukaenda hivyo hivyo, naye akayarudia maneno hayo. Nesi wa pale, mama mmoja mwenye maneno yake, alimjibu kwamba nyumba imebomolewa lakini ukumbi haukwenda popote. Alitueleza taratibu. Mama aliondolewa kizazi kwa sababu seli za mlango wake zilikuwa zimeanza kubadilika, na virusi vinavyoleta mabadiliko hayo vinaweza kubaki na kuushambulia uke. Mwanamke kama yeye huendelea kupimwa hata baada ya upasuaji.

Wakachukua seli kwa brashi ndogo, juu kabisa ukeni, wakapima na virusi. Majibu hayakuwa mazuri. Juzi daktari akamtazama kwa darubini, akapaka siki, kisha ayodini. Ngozi yote ikawa kahawia isipokuwa sehemu moja, ndogo kama ukucha, iliyokataa rangi. Hapo wakakata kinyama, kikapelekwa maabara. Majibu ni Alhamisi ya wiki ijayo. Daktari anasema ikiwa ni dalili za awali tu, zinatibika. Hilo "ikiwa" ndilo linaloniinua kitini.

Kuna jambo nimelibeba peke yangu, Mama Mdogo. Siku Mama aliporuhusiwa hospitali, mimi, mnayeniita Kitabu kwa kupenda kusoma, ndiye niliyemsomea karatasi ya maelekezo, maana macho yake yalikuwa mazito kwa dawa. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Baba na dereva wa teksi walisimama pembeni. Nikafika kwenye mstari uliosema arudi kila mwaka kupimwa seli za uke. Nikaona haya kulitamka neno hilo mbele ya wanaume. Nikauruka, nikasoma wa chini yake, kwamba asinyanyue ndoo. Baadaye karatasi ikapotea, nami nikajifanya nimesahau.

Jana nilimwambia. Alikuwa anafumua pindo lisilo na kosa lolote. Hakuinua kichwa.

"Nilijua umeruka kitu," akasema. "Ulimeza mate. Nikasema nitakuuliza tukifika nyumbani."

Nikamuuliza mbona hakuniuliza.

"Ningekuuliza nini, mwanangu? Na mimi neno lenyewe lilikuwa linanishinda."

Akalirudisha pindo chini ya sindano. Kisha akaniagiza nikuandikie leo hii, nikuulize ulipimwa lini mara ya mwisho, na nisizungukezunguke.

Basi nakuuliza: lini ulipimwa mlango wa kizazi na uke? Alhamisi hiyo nitakupigia simu, majibu yawe yoyote yale. Nawe uwe na jibu lako.

Nisalimie sana Baba Mdogo, mapacha na mkwe wako mpole. Mungu akulinde mwilini, akuondolee haya isiyo na faida.

Wako akupendaye, asiye na raha mpaka asikie sauti yako,

Mwanao,
Kitabu