Neno Nililomtafsiria Fuad

Columbia Heights, Washington
3 Machi 2024

Sahibu Fuad,
Asalaam alaykum. U mzima? Mimi mzima, ila goti tu, nalo limetembea nchi tisa, lina haki ya kulalama. Miaka thelathini hatujaandikiana. Nimeanza mimi, maana mkubwa ndiye hujishusha. Hapa napika pilau ya watu wanane, nala peke yangu wiki nzima. Unakumbuka Leipzig, wanafunzi sisi, tunaandamana na mienge, mimi mkalimani wa Waswahili wote?
Nduguyo, Shamte

Malindi, Unguja
20 Aprili 2024

Shamte,
Waalaykum salaam. Tu wazima, presha tu. Nakumbuka. Niliwaambia walimu, "Baba alipotea," wewe ukatafsiri "alianguka." Kwa Wajerumani, aliyeanguka kafia vitani. Wakaitundika picha yake ukutani na mashujaa wao wa chama. Kila Septemba nikamwekea shada la maua, huku naisifu serikali yetu ileile ya Unguja iliyomchukua dukani kwake mchana kweupe. Nikithubutu kusema nini? Sasa mwanangu Nabil kaiona picha ile mtandaoni. Anajivuna: babu shujaa wa mapinduzi! Mimi hanisadiki, eti nimezeeka. Mwandikie wewe ukweli.
Fuad

Columbia Heights
11 Mei 2024

Sahibu,
Natumai presha imeshuka. Nimemwandikia Nabil kurasa tatu: babu yake hakupigana na mtu, aliuza vitambaa, wakamchukua, hakurudi. Na wewe nikwambie nisilomwambia mtu. Neno lile, mwaka wa kwanza nilikosea kweli. Kijerumani changu kilikuwa cha kununulia mkate. Mwaka wa pili nilishajua. Nikanyamaza, kwa sababu rafiki wa mwana wa shujaa alipewa chumba chenye joto na safari ya Praha. Wewe ukibeba maua, mimi nikipiga makofi. Nisamehe.
Nduguyo, Shamte

Columbia Heights
6 Desemba 2024

Fuad,
Salamu kwako na wa nyumbani. Miezi saba, kimya. Nabil kanijibu mstari mmoja: "Nimesadiki, ami. Baba naye kaisoma barua yake." Basi, nimeelewa.
Leo baada ya Ijumaa nilimwomba imamu tumsomee mzee wako Fatiha. Nikalitaja jina lote, Mbarouk bin Salim, kwa sauti. Imamu wetu kijana, mpole, akataka kuwatangazia watu. Akaniinamia: "Alifariki lini, mzee wangu?"
Safu nzima imeshainua mikono, Fuad, inanisubiri mimi nitaje siku asiyoijua mtu.
Nduguyo, ukikubali,
Shamte