Mirunda ya Roshani

4 Machi

Baba,

Shikamoo. Mama hajambo? Kifua chake kimepoa? Mimi mzima, nimepata kibarua huku mjini jana, ingawa msimamizi wetu ana mdomo kama cherehani.

Baba, zege la roshani ya kwaya tulilimwaga tarehe mbili. Mchungaji alinifukuza mbele ya mafundi wenzangu kwa kusema mirunda inayolishikilia isiguswe hadi siku ishirini na nane ziishe. Haya, nimeondoka. Lakini wewe ni mzee wa kanisa. Msiing'oe. Zege bichi halijui uzinduzi.

Mwanao,
Fundi

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako anakohoa lakini anaimba, si unamjua. Amewekwa mstari wa mbele wa kwaya, basi humu ndani hakukaliki.

Barua yako imeniuma. Umeanza lini kumpinga mtiwa mafuta wa Bwana? Waliomnung'unikia kiongozi wao jangwani ardhi iliwameza wazima wazima. Mchungaji amefunga siku tatu, akaambiwa uzinduzi ni tarehe kumi na tano. Wewe umeambiwa na nani? Na mfuko wa saruji? Mirunda nitaing'oa mwenyewe Jumamosi, mtu asije akasema nyumba yangu inafuga waasi.

Baba yako

12 Machi

Baba,

Shikamoo. Mengine baadaye. Zindueni, lakini mirunda ibaki. Ifungeni vitambaa, iwe pambo. Mama aimbie chini. Nakuangukia miguuni.

Fundi

23 Machi

Mwanangu,

Nitakuulizaje hali? Makaburini ulinipa mgongo, na ulikuwa na haki.

Zege lilishuka kwenye ubeti wa pili. Barua yako ya mwisho ilifika kesho yake, mama yako akiwa mochwari na wanakwaya wenzake wanne.

Jana mchungaji alihubiri chini ya turubai: Bwana ametwaa, mtu asinung'unike. Nikasimama. Miaka thelathini sijawahi. Nilitaka kumlalamikia Mungu kwa sauti, watu wote wasikie: kwa nini hukutuonya? Mkono ulikuwa mfukoni mwa koti, ukagusa barua yako ya kwanza. Alinionya kupitia kwako, mwanangu. Nilikataa kwa sababu hakumtuma mchungaji.

Watu wote wakanitazama, wakingoja niseme. Nikaketi.

Baba yako, kama bado utaniita hivyo