Mkono Wako Unaendeleaje?

Chumba cha Mazoezi,
Juu ya Duka la Fundi Saa.
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo, na salamu nyingi zikufikie huko uliko. Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu, ila Mama magoti yanamsumbua kama kawaida, na fundi saa wa chini bado anagonga dari kwa ufagio tukizidisha sauti. Nawe hujambo? Unalala vizuri? Na mkono wako wa kushoto unaendeleaje? Hilo la mkono nina sababu ya kuliuliza, nitalifikia.

Msimu wetu unaelekea ukingoni. Unakumbuka tuliuita "Kungoja", matamasha manne ya muziki mpya, na jina hilo tulilichagua kwa ajili yako. Ulipotuandikia kwamba daktari wa huko amekukataza kushika fidla mpaka mkono upone, Mwalimu alisema basi tusitafute mtu mwingine. Tutapiga watatu mara tatu, na la nne tutapiga wanne, ukirudi. La kwanza lilikuwa la kungoja mvua, la pili la kungoja zamu hospitali, la tatu la kungoja mtoto azaliwe. La mwisho ni la kumngoja aliyesafiri.

Kila tamasha tuliweka kiti chako jukwaani, kile cha jikoni kwa Mama chenye mguu mmoja mfupi. Kimya wetu alikibeba begani, na selo, lile fidla lake kubwa, mgongoni, mpaka watu wa barabarani wakamwuliza anahamia wapi. Mwandishi mmoja wa gazeti alikisifu kiti kuliko sisi tuliokuwa tunapiga. Aliandika kwamba ni ubunifu wa kijasiri. Tulicheka wiki nzima.

Mwalimu aliniapisha nisikuambie jambo moja, lakini leo nasema. Alipewa ukuu wa shule katika mji mwingine, akaukataa. Alisema akiondoka yeye, ukirudi utakuta fidla hakuna na kundi limebaki na watu wawili. Mkewe alimnunia muda mrefu.

Sasa nifike kwenye lililonikalisha niandike. Alhamisi iliyopita Mwalimu alikuja mazoezini na simu yake, akasema amepata kipande kizuri kilichotungwa mwaka huu, kimepigwa na kundi la huko huko uliko, tukisikilize. Majina ya wapigaji hayakuwapo. Akabonyeza. Kabla ya noti ya kwanza, Kaka, nikasikia pumzi: moja fupi ya puani, inakwama kidogo, halafu nyingine ndefu. Ndivyo pua yako ilivyo tangu ulipoanguka kutoka kitanda cha juu ukijifanya rubani. Nimelala chumba kimoja na pumzi hiyo utoto mzima, na miaka yote ya kundi letu ndiyo iliyokuwa ikituambia sasa tuanze.

Unajua tulifanya nini? Sote watatu tuliinua pinde zetu. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Tukabaki hivyo, mikono hewani, na simu inapiga muziki peke yake juu ya meza.

Tulisikiliza mpaka mwisho. Mkono unaopiga vile hauumi. Mwalimu akazima simu, akasema, "Si alisema hawezi hata kufunga vifungo vya shati?" Kimya, ambaye unajua maneno yake ni ya kuhesabu, akafuta upinde wake taratibu, akasema, "Basi amepona. Tumshukuru Mungu." Kisha akashuka ngazi bila kutuaga.

Kaka, umeniumiza. Kupata kundi kubwa si kosa. Ungesema tu, tungekushangilia na kukuonea wivu kidogo, yangeisha. Lakini ulituacha tukuombee mkono ambao hauna kitu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami siku zote nilidhani wanazisema familia za watu wengine.

Tumempata muuguzi mmoja anayepiga fidla, anakuja moja kwa moja kutoka zamu. Ni hodari, ila anavuta pumzi kimyakimya, na siku ya kwanza tuliingia kila mtu kwa wakati wake kama watu wanaogombania mlango. Tulikuwa bado tunaingoja yako. Sasa mimi na viola yangu ndio tunaoanzisha. Kiti nacho kilikuwa kinamyumbisha, kwa hiyo Kimya alileta msumeno akakata miguu mitatu ikalingana na ule mfupi.

Mama hajui. Tamasha la mwisho ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, na amesema atakaa mbele kabisa, kwa sababu ulimwahidi kwamba siku hiyo kiti chako utakikalia mwenyewe. Nimekwisha kumdanganya kwa ajili yako bila kujua. Kwa kujua sitamdanganya, na kukusemea sikusemei. Mpigie kabla ya siku hiyo, ausikie ukweli kwa sauti yako.

Mwalimu anakusalimu, shingo upande. Kimya hakusema kitu, nami nimeihesabu kuwa salamu. Mama anakusalimu sana. Kila asubuhi anauliza mkono kabla ya kuuliza habari zako. Ndani ya kifurushi hiki utakuta alichokufumia, kama soksi ya sufu, ya kuvaa kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, kwa hiyo ameifumua na kuianza upya mara nyingi. Amesema nikuandikie kwamba ikikubana useme, atafuma nyingine.

Mungu akulinde, wewe na mkono wako.

Mimi mdogo wako,
nikupendaye hata leo.